Fundo la Waya wa Kushoto

Nilipowaacha wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya spika ya kushoto, bisibisi nimeiuma kwa meno, na wifi yangu anabisha hodi na sanduku lake mkononi.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, nifupishe. Naishi na baba mkwe wangu, mtu asiyeona, na spika zake mbili kuukuu zinazonifika kifuani. Mume wangu yuko kikazi mji mwingine. Amenipatia huko nafasi ya kufundisha chekechea, na mwalimu mkuu amesema ataishikilia mpaka Jumatatu, baada ya hapo anampa mwingine.

Baba haondoki bila spika zake. Spika hazipiti mlangoni, kwa sababu zilikuwa ndani kabla ukuta haujajengwa. Na mimi siwezi kumwacha mzee wa watu peke yake na jiko la gesi. Ilibaki njia moja tu: wifi ahamie, mimi nitoke.

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, kwani umefungwa kamba? Si uondoke tu?" Mwenzangu, soma ya leo mpaka mwisho, kisha uniandikie tena.

Basi hodi ilipobishwa, nilikuwa nimebakiza kazi ndogo sana.

Spika ya kushoto ilikuwa imeanza kukohoa. Ndivyo Baba alivyosema: "Inakohoa." Kumbe lile bakuli kubwa la karatasi linalotoa besi limeshikwa pembeni na duara la sponji, na sponji hiyo ilikuwa imechoka, ukiigusa inabaki vidoleni kama keki iliyochacha. Nilibandika mpya kwa gundi, nikaiacha ikakauka. Nilichobakiza ni kurudisha waya mbili nyuma, mmoja kwenye tundu jekundu, mwingine kwenye jeusi.

Waya zenyewe zimezeeka, zote zimekuwa na rangi moja ya meno ya mvutaji. Mmoja ulikuwa umejifunga fundo karibu na ncha. Nikaona huu nao umejisokota, nikaufungua, nikaunyoosha vizuri. Nikachomeka. Nikakimbilia mlangoni.

"Mbona unahema, wifi?" akaniuliza. "Mfalme amekutuma umbebe?"

"Nilikuwa napanga mambo. Ingia, wifi yangu. Karibu nyumbani kwenu."

"Usiniambie karibu kwa furaha hivyo. Unanitisha."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Moyoni nilikuwa nimeshapanda basi.

Jioni ile Baba alikaa kwenye kiti chake, akainua kidole. Hiyo ndiyo ishara. Kidole kikipanda, nyumba nzima inanyamaza, hata bomba linalovuja linaonekana kujikaza. Watoto wa mtaani wamempa jina Mzee Nyamazeni, na yeye analijua, na analipenda.

Nikaweka kaseti ya mama mkwe.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hili hamtanielewa. Mama mkwe alikuwa mwimbaji. Sikumkuta hai. Baba alimrekodi mwenyewe kwenye ukumbi aliokuwa akifanyia kazi ya mitambo, na kaseti ile ndiyo aliyobaki nayo. Spika mbili zikifungwa sawasawa, zinasukuma hewa pamoja na kuivuta pamoja, na sauti ya mwimbaji haitoki kushoto wala kulia. Inasimama katikati, pale kwenye sakafu tupu, kama mtu mzima aliyesimama mbele yako.

Pale katikati hapawekwi kitu, wala hapakatizwi. Siku niliyoingia nyumba hii kama mke, nilikatiza pale na sinia la chai. Baba aliniambia kwa upole kabisa: "Umemkanyaga mama mkwe wako." Tangu siku hiyo sote tunazunguka nyuma ya kiti.

Basi mama akaanza kuimba. Baba akainamisha kichwa. Ubeti wa kwanza haukuisha.

"Zima."

Nikazima.

"Mama yenu hayupo," akasema.

Wifi akacheka. Alicheka kidogo tu, cheko la mtu aliyechoka na safari, lakini lilichagua wakati mbaya.

"Baba, mama hayupo mwaka wa tisa sasa."

"Nani amegusa spika zangu leo?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema neno, wifi akajibu kwa sauti ya mtu asiye na hatia:

"Mimi nimezifuta vumbi. Zilikuwa na vumbi la karne."

"Kwa kitambaa gani?"

"Kitambaa, baba. Chenye maji kidogo."



"Umeingia nyumba hii leo," Baba akasema, "hujakaa hata ukanyoosha mguu, umeshamtoa mama yako mahali pake. Alikuwa amesimama pale jana. Leo ametawanyika chumba kizima kama harufu. Kesho ukae wewe na mimi hapa, utanifanya nini?"

"Baba, ni mbao zile. Nimefuta mbao."

"Chukua sanduku lako."

"Unanifukuza kwa sababu ya vumbi?"

"Nakurudisha ulikotoka. Mwenzako huyu anajua kuzishika. Wewe hujui."

Mwenzako huyu ni mimi. Nilikuwa nimesimama palepale, vidoleni nina gundi.

Nakiri mbele yenu wasomaji: sikusema kitu. Nilijiambia nitasema baadaye, hasira zikipoa. Nilijiambia pengine kweli ni maji. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Nilimsindikiza wifi mpaka getini. Macho yake yalikuwa mekundu lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Nakuachia mfalme wako, wifi. Mbebe mgongoni."

"Wifi, subiri. Nitazungumza naye."

"Usizungumze naye wewe. Anipigie simu mwenyewe. Kwa mdomo wake aseme, mwanangu, nilikosea, rudi. Hapo nitarudi hata kesho. Bila hivyo, mimi na nyumba hii basi tena."

"Ataweza kweli kusema hivyo?"

"Hajawahi," akasema, akanipa kisogo.

Siku iliyofuata Baba alihamishia mto na blanketi kwenye kiti chake. Alisema anazilinda. Alikula palepale. Alisinzia palepale. Nikipita na ufagio ananiuliza nimeshika nini. Anasikia mpaka kope zikigongana.

Mume wangu akapiga simu. "Umefunga mizigo?"

"Bado."

"Mbona bado? Dada si ameshafika?"

"Alifika. Akaondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Baba amemfukuza. Anasema amemtoa mama mahali pake."

Nikasikia akipumua puani. "Mke wangu, Jumatatu haina mdogo wake. Yule mwalimu mkuu nimemlilia. Fanya uwezalo, dada arudi."

Nikaahidi. Ahadi ni rahisi ukiwa umesimama jikoni.

Kujua kosa langu, nililijua Alhamisi. Nilikuwa nafuta nyuma ya spika ya kulia, kwa kitambaa kikavu safari hii, kidole kikagusa waya. Waya ulikuwa na fundo. Dogo, gumu, limefungwa kwa makusudi karibu na ncha, na ncha hiyo imechomekwa kwenye tundu jekundu.

Nikabaki nimechuchumaa.

Lile fundo la kushoto halikuwa limejisokota. Lilikuwa alama. Mtu asiyeona atajuaje waya upi wa nyekundu na upi wa nyeusi? Anafunga fundo. Na mimi, mwenye macho mawili na diploma ya ualimu, nimelifungua kwa sababu niliona halipendezi.

Spika moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake inavuta. Sauti ipo, ila mwimbaji hana pa kusimama. Maji ya wifi hayakufanya kitu. Mama mkwe nilimtawanya mimi.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno: chomoa waya mbili, zibadilishe tundu. Kazi ya kupiga chafya. Lakini nitaifanyaje mbele ya mzee anayelala na spika zake kama mlinzi wa benki?

Niliona nafasi moja tu. Kaseti ina pande mbili. Upande mmoja ukiisha, Baba husema, "Geuza," na mimi huinuka. Mashine ya kaseti na amplifaya yake viko kwenye meza ndogo, karibu kabisa na mgongo wa spika ya kushoto. Kwa muda ule wa kutoa kaseti na kuirudisha, nina ruhusa ya kuwa kule nyuma na kupiga kelele ndogondogo.

Ijumaa, jua likiwa bado juu, nikamwambia, "Baba, tujaribu tena kaseti ya mama?"

"Ya nini? Hayupo."

"Labda leo yupo."

"Weka."

Upande wa kwanza nilikaa nao kama mtu aliyekalia sindano. Mama aliimba, sauti imezagaa kila pembe, haina uso. Baba alikuwa amekunja uso kama anayekunywa dawa chungu. Wimbo wa mwisho ukaisha, mashine ikajizima.

"Geuza."

Nikainuka. Mkono wa kulia ukafungua kasha la kaseti, kwa kelele kidogo kuliko kawaida. Mkono wa kushoto ukaingia nyuma ya spika. Nikachomoa waya mmoja. Nikachomoa wa pili. Jasho likanitiririka mpaka kwenye kidevu. Nikachomeka kwenye nyeusi. Nikachomeka kwenye nyekundu, spika ikasema *tik*.

Tik ndogo sana. Mtu mwingine yeyote asingeisikia.

Baba hakusema neno. Nikageuza kaseti, nikabonyeza, nikarudi kwenye kigoda changu kwa kuzunguka nyuma ya kiti, kama desturi.

Mama mkwe akaingia.

Sijui niwaambieje. Alisimama pale katikati, kwenye sakafu tupu, mrefu, karibu kabisa. Nilisikia akivuta pumzi kabla ya mstari. Nilisikia midomo yake ikiachana. Vinyweleo vilinisimama, na mimi mwenyewe nilijua ni waya tu.

Baba alikuwa analia bila kelele. Machozi yalikuwa yanashuka tu, naye hakuyafuta.

Nikaona hapa ndipo. Chuma kimeshika moto.

"Baba, mama amerudi."

"Amerudi."

"Kumbe si wifi aliyemtoa. Labda mashine ilikuwa imechoka tu. Tumpigie wifi simu, umwambie arudi. Mnyonge wa watu kaondoka analia."

Baba alisubiri mpaka wimbo ukaisha. Hakuna anayemkatiza mama, hata yeye.

Kisha akaniuliza kwa sauti tulivu, "Fundo umelirudisha?"

"Fundo lipi, baba?"

"Mwanangu, tusichoshane. Umegeuza waya umesahau kufunga fundo. Lifunge, kesho usije ukapotea tena."



"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jioni ile ile. Nyinyi mlipokwenda getini kubembelezana, mimi nilipeleka mkono nyuma. Nikakuta waya laini, umenyooshwa kama nywele za bibi harusi. Nikajua ni wewe. Binti yangu hawezi kunyoosha kitu chochote, angeuacha na vumbi lake."

"Kwa hiyo ulijua wifi hana kosa."

"Hana."

"Na ukamwacha aondoke."

"Sikumwacha. Nilimfukuza."

Alisema hivyo kama mtu anayesahihisha hesabu. Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena.

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu angebaki, wewe ungeondoka." Akanyoosha mkono akagusa ubao wa spika, polepole, kama anayemgusa mtoto anayelala. "Binti yangu ananipenda, sikatai. Lakini hana mikono. Spika hizi zikikohoa ataweka kitambaa juu na chombo cha maua. Mwaka mmoja tu, mama yake anakufa mara ya pili. Wewe umeninyamazishia kikohozi kwa gundi na kidole. Nikuache uende kufundisha watoto kupaka rangi?"

"Ni kazi yangu, baba. Nimesomea."

"Hapa nako kuna kazi."

"Nina mume."

"Atakuja sikukuu."

Wasomaji wangu, mimi si mtu wa hasira. Mama yangu mzazi alikuwa akinituma niende kupatanisha majirani. Lakini pale kitu kilikatika ndani yangu. Sikupiga kelele. Nilitembea, nikakatiza katikati kabisa, pale pasipokatizwa, nikaenda nyuma ya spika ya kushoto, nikachomoa waya zote mbili.

Baba akashtuka. "Umepita wapi wewe?"

"Katikati."

Nikazigeuza. Nyekundu kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyekundu. Nikarudisha kaseti nyuma kidogo, nikabonyeza. Mama akatawanyika.

"Hayupo," nikasema. "Ukimtaka, mpigie binti yako simu. Mwambie ulikosea. Akirudi, mimi narudisha waya, nafunga fundo, na kabla sijaondoka namfundisha kila kitu mpaka mikono iote. Asiporudi, utakaa hivi hivi na harufu."

"Utamfanyia hivi mama mkwe wako?"

"Wewe umemfanyia binti yake."

Vidole vyake vilikuwa vinapiga mkono wa kiti, kimoja kimoja. Angeweza kwenda mwenyewe nyuma ya spika, waya zile anazijua kuliko jina lake. Lakini mimi nilikuwa nimesimama hapo, na mgongo wangu nimeuegemeza ukutani. Nilidhani nimemshika. Nakiri, nilitabasamu.

"Sawa," akasema. "Nipigie."

"Wifi?"

"Mwanangu. Nianze na mumeo, yeye ndiye mkubwa wao. Simu yangu haina chaji, tumia hicho kioo chako."

Kioo ndivyo anavyoiita simu yangu. Yake ni ya vitufe, anaijua kwa kidole gumba kama anavyojua meno yake. Yangu anasema ni kama kuzungumza na sahani.

Nikapiga, nikaweka sauti ya wazi, nikamshikisha mkononi.

"Halo, mke wangu. Dada amerudi?"

"Ni mimi," Baba akasema. "Mkeo amemfukuza mama yako."

"Amemfukuza mama yupi?"

"Una mama wangapi? Alikuwa amesimama hapa sebuleni, anaimba. Mkeo amempitia katikati, sasa hayupo."

Mume wangu alikua na spika hizo. Anajua habari za katikati. Lakini ana miaka mingi hajakaa kwenye kile kiti, na maneno yale, ukiyasikia kwenye simu, katikati ya kazi, si maneno ya mtu mzima.

"Baba," akasema taratibu, "hebu niwekeni nimsikie. Sogezeni simu."

Nilichukua simu nikaisogeza mbele ya spika iliyokuwa karibu nami. Kwa nia njema kabisa. Mama akaimba mistari miwili.

"Mbona namsikia vizuri?" mume wangu akasema. "Mama yupo, baba. Anaimba kama siku zote."

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Simu ina sikio moja. Mwenye sikio moja hawezi kujua kama mtu amesimama katikati au ametawanyika. Kwa mume wangu mama yupo, na baba yake anasema hayupo.

"Hayupo," Baba akarudia.

"Baba, yupo. Namsikia."

"Mume wangu, ngoja nikueleze," nikaingilia. "Kuna waya hapa nyuma, mimi ndiye..."

"Mke wangu." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya hospitali. "Usimtetee. Ameanza lini kuwa hivi?"

Nilikuwa namtazama Baba usoni. Nilikiona kile kitu kikimfikia. Kilianza kwenye nyusi, kikashuka mashavuni, kikatulia kwenye midomo. Akanyoosha mkono, akachukua simu kutoka kwangu kwa adabu.

"Nani huyo anazungumza?" akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Mimi nani? Fundi wa bomba?"

"Baba, ni mwanao."

"Mwanangu yuko shule. Wewe fundi umeahidi kuja tangu juzi, na bomba linavuja tu."

Nikamshika bega. "Baba, acha. Mume wangu, usimsikilize, anaigiza. Ni mzima kuliko mimi na wewe."

Kutoka kwenye simu nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa mume wangu. Alikuwa anajizuia kulia.

"Na wewe unaanza kumficha," akasema. "Ndiyo maana dada alifukuzwa, sasa naelewa. Baba alikuwa hajui anachofanya. Mke wangu, hali hii dada haiwezi. Ni wewe tu anayekusikiliza. Baki naye. Jioni nitampigia mwalimu mkuu, nitamwambia nafasi ile ampe mwingine."

"Usimpigie. Tafadhali. Nisikilize kwanza."

"Haya, fundi," Baba akasema kwa uchangamfu. "Njoo Jumamosi. Uje na bomba lako."

Akasogeza kidole gumba pembeni ya kioo, chini kushoto, pale ambapo kwenye simu yake kipo kitufe cha kukata. Akabonyeza kwa nguvu. Akailaza simu gotini.

Mama alikuwa bado anaimba, hana pa kusimama. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, sijui nilikaa saa ngapi. Jumatatu yangu, watoto wangu wa chekechea ambao sijawaona, chumba chetu chenye dirisha ambalo mume wangu amelipiga picha mara tatu, vyote vilikuwa vimekwenda na fundi wa bomba.

"Sasa, mwalimu," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa safi, imenyooka, ya mtu anayejua leo ni siku gani. "Rudisha waya. Hapa hakuna mgonjwa tena, ameshakata simu."

Nikainua macho.

Simu ilikuwa gotini pake, uso juu. Kioo kilikuwa kinawaka. Sekunde zilikuwa zinahesabu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Baba alikuwa amebonyeza sahani.

Mume wangu alikuwa bado hewani.

Nikasogea kwa makalio mpaka pale katikati, mbele ya magoti yake, nikazima mashine kwa kunyoosha mkono. Chumba kikanyamaza. Nikatafuta ile sauti yangu ya darasani, ile ninayoitumia kwa mtoto aliyeficha kitu mfukoni na anatamani sana kuulizwa.

"Baba," nikasema, "ila wewe ni mjanja. Mpaka mimi nilidhani kweli umesahau mwanao."

Akacheka kwa kifua. Hakuna mtu anayekataa sifa hiyo.

"Nimsahau? Nilimtambua alipovuta pumzi tu."

"Sasa hebu nieleze vizuri, nami nijifunze. Ulianzaje? Tangu jioni ile ya wifi."

Baba akajiegemeza kwenye kiti chake, akakunja mikono tumboni, akavuta pumzi ya msimuliaji. Akafungua kinywa.

Hapo ndipo simu, palepale gotini pake, ilipokohoa.